Uainishaji wa Awali wa Waandika Insha wa Kigeni, Pamoja na Nyongeza Kuhusu Wenyeji

Uwanja wa utafiti

Kituo cha uandishi cha chuo kikuu cha Marekani hupatikana maktabani, mara nyingi ghorofa ya chini, jirani na mashine ya kahawa. Ndani yake mna meza ndogo, viti viwili kwa kila meza, boksi la tishu na bakuli la peremende. Mwanafunzi huweka miadi, huja na insha yake, na hukaa na mkufunzi nusu saa au dakika 50 bila kulipa hata senti. Hadi hapo kila mgeni huelewa. Asichoelewa ni kwamba mkufunzi hasahihishi. Stephen North aliandika mwaka 1984, katika makala ambayo wakufunzi wapya husomeshwa mpaka leo, kwamba kazi ya kituo ni kumjenga mwandishi, wala si kuipamba karatasi yake. Mwaka 1991 Jeff Brooks akakaza uzi: karatasi iwe mbele ya mwanafunzi, mkufunzi akae pembeni, na kalamu asiiguse. Mtu aliyefungwa mikono namna hii hana la kufanya ila kutazama, na anayetazama sana huishia kuainisha.

Carl Linnaeus aliipanga mimea ya dunia nzima akiwa Uppsala, akiletewa vielelezo na wanafunzi wake waliotapakaa mabara yote. Mimi pia siendi popote. Vielelezo hujileta vyenyewe, tena kwa miadi. Katika mwaka wa masomo wa 2023/24 Marekani ilikuwa na wanafunzi wa kigeni 1,126,690, wakiwemo Wahindi 331,602 na Wachina 277,398. Sampuli yangu ni ndogo kuliko hiyo na haikuteuliwa kwa kanuni yoyote ya takwimu: ni wale waliokuta zamu ya jioni ina nafasi.

Msomaji atataka kujua sifa za mtafiti. Ni Mtanzania, mwalimu msaidizi wa Kiswahili, anayeongeza kipato kwa kuwaeleza Wakorea namna Wamarekani wanavyopenda kuandikiwa. Judith Powers wa Chuo Kikuu cha Wyoming alieleza mwaka 1993 kwamba maswali ya kumwongoza mwandishi hayamsaidii mgeni, kwa kuwa jibu hana. Kwa hiyo mkufunzi hana budi kuwa mpasha habari wa mila za wenyeji. Powers hakusema mpasha habari huyo awe amezaliwa wapi. Nami sikuuliza.

Mapitio ya maandiko

Mwaka 1966 Robert Kaplan, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Southern California, alichapisha makala iliyotokana na mamia ya insha za wanafunzi wa kigeni. Ndani yake aliweka michoro mitano midogo. Kiingereza: mstari ulionyooka, juu hadi chini. Lugha za Kisemiti: mistari inayokwenda na kurudi sambamba. Lugha za Mashariki: duara linalojizungusha kuelekea ndani. Lugha zilizotokana na Kilatini, pamoja na Kirusi: mistari inayochepuka njiani, yenye shughuli zake pembeni, kabla ya kukumbuka inakokwenda. Makala ilikuwa na mengi, lakini watu waliondoka na michoro, kama watu wanavyoondoka harusini wakizungumzia pilau. Wakosoaji waliuliza imekuwaje mstari ulionyooka ukaangukia upande wa mchoraji. Kaplan mwenyewe alikuja kulegeza msimamo miaka ya baadaye.

Afrika haikuchorewa mstari. Kwa hili sina kinyongo kirefu, ila naliweka kwenye kumbukumbu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kikao cha ukoo kilichoitishwa kuzungumzia shamba, na kusikiliza saa nzima ya habari za mvua, za wagonjwa na za marehemu kabla shamba halijatajwa, angeweza kumsaidia Kaplan kuchora mstari wa sita.

Ugomvi wangu na Kaplan, hata hivyo, hauko kwenye maumbo. Uko kwenye vichwa vyake vya habari. Aliandika majina ya lugha juu ya kila mchoro, nami kwa muda mrefu nilifanya kama yeye: nilimuuliza mwanafunzi ametoka nchi gani, kisha nikangoja mzunguko au mchepuko uliotabiriwa. Vielelezo vilikataa kutii. Wachina walinijia na mistari iliyopigwa rula. Wamarekani walinijia na duara. Ndipo nikabadili swali la kufungulia kikao. Siku hizi nauliza: mtihani wako wa mwisho wa shule ulikuwaje? Jibu likishatoka, insha naweza kuibashiri kabla haijafunguliwa. Kanuni iliyojitokeza ni fupi: mtu huandika kama alivyosahihishwa. Kwa hiyo nagawa viumbe wote waandikao katika falme mbili, Ufalme wa Mtihani na Ufalme wa Nyumbani, wa kwanza ukiwa mkubwa kuliko wanaanthropolojia wanavyopenda kukiri.

Ufalme wa Mtihani

Oda ya Wenye Mizani. Makazi yake ni Paris, Dakar, Abidjan, Tunis na Bukavu. Chanzo chake ni mtihani wa baccalauréat, ulioanzishwa enzi za Napoleon mwaka 1808, ambamo mpaka leo kijana wa Kifaransa hupewa saa nne akae na swali la falsafa. Hatakiwi kulijibu mara moja. Hulikubali katika sehemu ya kwanza, hulipinga katika sehemu ya pili, na katika sehemu ya tatu hugundua kwamba swali lenyewe liliulizwa kwa macho nusu.

Kielelezo changu bora ni Mkongomani wa Bukavu, anayesomea afya ya jamii, mtu aliyenizidi umri kwa miaka isiyopungua kumi. Kwao kuna Mtihani wa Taifa unaofunguliwa kwa kuandika insha ya aina hiyo hiyo. Aliniletea kazi kuhusu vyandarua. Sehemu ya kwanza ilithibitisha kwamba vyandarua vinaokoa maisha. Sehemu ya pili iliuliza kama kweli vinaokoa maisha, na ikatia shaka nzito. Ya tatu ilisema suala si chandarua, suala ni usingizi wa maskini. Profesa alikuwa ameandika pembeni: uko upande gani?

"Mwalimu, kazi yangu iko na shida wapi?"

"Haina shida, mzee. Profesa anataka ajue tangu mwanzo utaishia wapi."

"Kama najua tangu mwanzo nitaishia wapi, naandika ya nini?"

Mafunzo ya kituo hayana jibu la swali hilo. Lakini angalia thamani ya kielelezo hiki kwa nadharia. Mimi na yeye tunasalimiana kwa Kiswahili, tunalalamikia pamoja unga wa nchi hii, na tungeingia katika mchoro mmoja wa Kaplan kama angetuchora. Insha zetu hazijuani kabisa. Ya kwake ni ndugu wa damu wa insha ya binti wa Lyon aliyenijia wiki hiyo hiyo, ambaye hajawahi kuona chandarua wala mbu wa kumtosha.

Oda ya Wapendekezaji. Hii inapatikana Brazil peke yake, na ndiyo niipendayo kuliko zote. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari huko, ENEM, una insha isiyozidi mistari 30. Alama zake ni 1,000, zilizogawanywa katika vigezo vitano vya alama 200 kila kimoja. Kigezo cha tano kinamtaka mtahiniwa apendekeze hatua ya kutatua tatizo lililojadiliwa, hatua isiyovunja haki za binadamu, tena aeleze nani ataitekeleza, kwa njia gani na kwa lengo gani. Hakuna kueleza tatizo kisha kuaga.

Dalili ya utambuzi huonekana katika aya ya mwisho, ambapo serikali huingia. Mwanafunzi mmoja wa Recife aliniletea uchambuzi wa *Hamlet*. Kusitasita kwa mwana wa mfalme alikuwa amekuchambua kwa makini, hatua kwa hatua. Kisha, katika mistari mitano ya mwisho, alipendekeza Wizara ya Elimu ya Denmark, kwa kushirikiana na familia na vyombo vya habari, ianzishe huduma ya ushauri nasaha kwa vijana waliofiwa na mzazi, ili kupunguza visasi katika jamii.

Nilimuuliza kama anadhani tamthilia inahitaji aya hiyo. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba kama huduma hiyo ingekuwepo, watu wengi wangebaki hai mpaka tendo la tano.

Tuliifuta aya, kwa kuwa profesa wa fasihi ya Kiingereza hakuwa ameitayarishia alama. Lakini kila mwaka taifa moja linawakalisha mamilioni ya vijana wa miaka 17 na kuwaambia kwamba aliyeliona tatizo ana deni la kusema nani afanye nini. Tangu nilipojua hilo, nasoma makala za magazeti yetu, zile zinazohitimisha kwa "wahusika wachukue hatua", nikiwa na hamu ya kuuliza ni wahusika gani, na kwa njia gani. ENEM ingewanyima alama.

Oda ya Wenye Mashujaa. Makazi: China. Mtihani wa kuingia chuo kikuu, gaokao, ulirejeshwa mwaka 1977 baada ya kusimama wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, na huanza tarehe 7 Juni. Katika karatasi ya Kichina yenye alama 150, insha hubeba 60, na haitakiwi kupungua herufi 800. Mtahiniwa mwenye busara huingia chumbani na ghala la watu wakubwa kichwani, tayari kutolewa kwa mada yoyote. Maarufu zaidi ni Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han aliyepata adhabu ya kuhasiwa na bado akaimaliza historia yake. Sima Qian anafaa kwa uvumilivu, anafaa kwa uzalendo, anafaa kwa dhamira, na nimewahi kumkuta katika utangulizi wa ripoti ya maabara kuhusu zege, akiwakilisha uthabiti.

Oda hii ina ukoo mrefu. Chini ya Ming na Qing, aliyetaka utumishi wa serikali aliandika insha ya "miguu minane", ambayo sehemu zake na hata ulinganifu wa sentensi zake vilipangwa kwa sheria. Mitihani ya kifalme yenyewe ilifutwa mwaka 1905. Hapo Mchina aliyesomea uhandisi hucheka, aseme hayo ni ya babu wa babu yake. Kisha huniuliza kwa nini insha ya Kimarekani lazima iwe na aya tano.

Kwenye oda hii ndipo tatizo la wizi wa maandishi huibuka, na hapa sitaki mzaha. Alastair Pennycook, aliyekuwa akifundisha Hong Kong, alisimulia katika makala ya mwaka 1996 habari ya mwanafunzi wake aliyeandika maisha ya Abraham Lincoln kwa Kiingereza safi kupita kiasi. Alipoulizwa, alisema aliyahifadhi shuleni kutoka kitabuni. Hakuwa ameficha kitu. Alikuwa amekaribishwa kuandika juu ya mtu mkubwa, na maneno yaliyo bora juu ya mtu huyo alikuwa nayo moyoni. Mkufunzi aliyelelewa kwetu analielewa jambo hili upesi kuliko mwenzake wa Ohio. Mtoto akihifadhi juzuu, mtaa mzima huambiwa, na hakuna anayemuuliza mbona hakuieleza kwa maneno yake mwenyewe. Utamkuta mzee anayeshusha shairi zima la Muyaka kwa ghibu, na wanaomsikiliza wote wakijua ni la nani. Kulitaja jina kungekuwa kama kuwaona wasikilizaji ni wajinga.

Programu ya kukagua wizi haitofautishi mtu aliyenunua insha usiku na mtu aliyehifadhi kwa heshima. Hutoa asilimia. Nimekaa na vijana wenye asilimia 31 na nyuso za waliofiwa, nikawafundisha alama za kunukuu. Huwaambia kwamba hapa maneno yana mwenyewe, na mwenyewe anapenda kutajwa pamoja na mwaka na ukurasa. Wengi hulipokea hilo kama tunavyopokea masharti ya viza, bila kubishana na bila kuamini.

Oda ya Mapambazuko. Kenya. Hawa walitunukiwa kwa insha ya Kiswahili katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, iliyokuwa na alama 40 mpaka mtihani wenyewe ulipofutwa baada ya mwaka 2023. Jua huchomoza katika sentensi ya kwanza, ndege huruka tawi hadi tawi, na umande humeta. Kielelezo: andiko la usimamizi wa maji taka, likianza alfajiri.

Oda ya Hoja. Tanzania, na kwa dalili nyingi baadhi ya shule za India. Nchi yetu ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya 1973, na tangu hapo tumeulizwa kwa hesabu: kwa kutumia vitabu viwili ulivyosoma, toa hoja tatu kutoka katika kila kitabu. Ukiwa na hoja ya saba ni mali yako binafsi. Mtafiti mwenyewe ni wa oda hii, na msomaji makini atakuwa ameanza kuhesabu oda zangu. Zitakuwa sita.

Oda ya Wanakijiji. Hawana taifa. Chanzo chao ni mitihani ya Kiingereza kwa wageni, hasa TOEFL, iliyoanza mwaka 1964, na vituo vya masomo ya ziada vilivyoota pembeni yake kuanzia Seoul mpaka Riyadh. Insha zao hufunguliwa kwa sentensi moja isiyobadilika: dunia ya leo inabadilika kwa kasi na imekuwa kijiji. Anayelaumiwa kwa kijiji hicho ni Marshall McLuhan, Mkanada, aliyekieneza miaka ya 1960 bila kujua atakachozaa. Baada ya kijiji huja sababu tatu, kila moja na mfano wa rafiki asiyekuwepo. Ukimsihi Mwanakijiji afute sentensi ya kwanza, hukutazama kama umemwambia aingie mtaani bila viatu. Sehemu ya mtihani iliyozalisha mtindo huu iliondolewa Julai 2023, kwa hiyo oda hii huenda ikatoweka. Siweki fedha yangu hapo.

Ufalme wa Nyumbani

Kuna mambo ambayo hakuna mtihani uliyafundisha. Haya hayaonekani katika insha, kwa sababu insha imeshalindwa na walimu. Yanaonekana katika barua pepe kwa profesa, ambayo mwanafunzi huileta kituoni akiwa ameikunja pamoja na kazi yenyewe, na huitoa mwishoni, dakika zikiwa zimebaki tano.

Familia kubwa hapa ni Wabisha Hodi. Humo wamo Wairani, Waarabu, Wanigeria, watu wa Asia ya Kusini, na sisi. Mwanafunzi wa Kiirani alihitaji siku tatu za nyongeza. Aliandika aya nne. Ya kwanza iliomba Mungu ampe profesa afya. Ya pili ilieleza ni heshima kiasi gani kukaa katika darasa lake. Ya tatu iliomba radhi kwa kumpotezea wakati, ambao ni wa thamani. Ya nne ilikuwa na ombi, limejificha katika kishazi. Niliisoma kwa raha kabisa. Nimekulia katika barua zilizoanza na matumaini kwamba mwandikiwa ni buheri wa afya, zikampa salamu za kila aliyemo nyumbani kwa jina, na ndipo zikafika kwenye "ama baada ya salamu". Mwana Kupona, alipomwachia binti yake wosia wa utenzi mwaka 1858, alianza kwa kumketisha na kumtaka atwae wino na karatasi. Mambo mazito hayavamiwi. Wajibu wangu wa kitaaluma, hata hivyo, ulikuwa kumwambia huyu dada kwamba ombi lipande juu na afya ya profesa ishuke.

Alikataa, kwa adabu, mara tatu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kukataa mara tatu ni sehemu ya desturi yao ya taarof, ambamo hata mwenye duka huweza kukuambia bei si kitu na wewe ukawajibika kumsihi apokee. Kwa hiyo mpaka leo sina hakika kama alikuwa anakataa ushauri au anangoja niusisitize. Aliituma barua kama ilivyo.

Jibu la profesa lilikuja kabla kikao hakijaisha. Lilikuwa neno moja la kukubali. Halikuwa na salamu, halikuwa na jina la dada huyu wala la profesa. Tulilitazama pamoja kwa muda. Aliuliza kama amemkasirisha. Nikamweleza kwamba hapa neno moja ni dalili ya kuridhika. Mtu akiwa amekasirika ndipo huandika aya. Akauliza kama basi zile aya nne zake profesa amezisoma kama hasira. Mada hii inastahili tasnifu peke yake.

Familia ya Waomba Radhi ni ndogo na ya kimya: Japani zaidi, Korea kiasi. Hutanguliza kwamba Kiingereza chao ni kibaya, kisha hutoa ukurasa usio na doa. Hawa ndio pia walionifundisha kwamba mkufunzi akinyamaza hajaacha kufundisha. Mmarekani huvumilia kimya kwa pumzi mbili tu. Mjapani huweza kukikalia kimya mpaka kikatoa jibu. John Hinds alisema mwaka 1987, akitumia safu maarufu ya gazeti la Asahi Shimbun, kwamba katika Kiingereza mzigo wa kueleweka hubebwa na mwandishi, na katika Kijapani sehemu kubwa hubebwa na msomaji. Nilimsomea kijana wa Osaka wazo hilo. Alilitafakari, akasema labda, kisha akaniuliza kwa nini Wamarekani huandika kana kwamba msomaji ana haraka ya kwenda msalani.

Nje ya familia hizi yuko aliyeelezwa na Fan Shen mwaka 1989: Mchina aliyekulia katika "sisi", akaambiwa na mwalimu wa Kiingereza aandike "mimi" na awe yeye mwenyewe. Shen alisimulia kwamba ilimbidi ajitengenezee nafsi ya Kiingereza, tofauti na ile ya Kichina, na aingie ndani yake kila aandikapo. Wakufunzi wa kituo huipenda makala hii. Wanafunzi wangu waliolelewa katika "sisi" huiona ndefu kwa jambo la wazi.

Nyongeza kuhusu wenyeji

Utafiti wowote unahitaji kundi la kulinganishia. Wamarekani huja kituoni pia, hasa mwaka wa kwanza, wakiwa na kikombe kikubwa cha barafu. Spishi hii hujitambulisha kuwa haina utamaduni. Wageni wana utamaduni, husema, wana vyakula na sikukuu. Sisi ni watu wa kawaida tu.

Insha ya mtu wa kawaida ina aya tano. Ya kwanza hufunguliwa kwa sentensi ya kumnasa msomaji, na hufungwa kwa sentensi inayotoa hoja kuu. Tatu za katikati hutoa sababu. Ya tano hurudia ya kwanza, kwa hofu kwamba msomaji amesahau. Shuleni hufundishwa kwa mchoro wa hambaga: mkate juu, nyama katikati, mkate chini. Nilimuuliza kijana wa Nebraska kwa nini hoja kuu lazima ikae mwisho wa aya ya kwanza. Alisema ndivyo insha ilivyo. Nikamuuliza nani alisema. Akanyamaza, kisha akasema: Bibi fulani, darasa la nne. Hapo nikaandika tiki kwenye kanuni yangu. Mstari ulionyooka wa Kaplan una mama, na mama huyo alikuwa na kalamu nyekundu na stika za nyota.

Desturi nyingine ya wenyeji ni sifa ya kufungulia. Wakufunzi tunaelekezwa kuanza na kilicho kizuri. Mrusi mmoja, nilipomwambia kichwa cha insha yake ni kizuri sana, aliuliza papo hapo hali ya vilivyobaki ikoje. Mjerumani aliandika sifa hiyo kwenye daftari lake ili aifanyie kazi. Mmarekani hushukuru na kungoja nyingine.

Waliobaki bila kuainishwa ni maprofesa, kwa sababu hawaji kituoni. Tunawajua kwa maandishi ya pembeni tu: "kwa hiyo?", "nani alisema?", "fafanua". Wa kemia hataki kuona "mimi" ukurasani. Wa anthropolojia, ghorofa moja juu, humkata alama mwanafunzi aliyejificha. Wageni hudhani kuna Mmarekani mmoja anayetaka insha moja, na hudhani namficha.

Nimepata kielelezo kimoja tu hai. Profesa wa sayansi ya mazingira alikuja jioni, jengo likiwa tupu, na andiko la kuombea fedha za utafiti. Aliomba radhi kwa kuchukua nafasi ya wanafunzi. Aliuliza habari za familia yangu, akaeleza hali ya hewa, akasifu Kiswahili kwa jumla, na ilipofika dakika ya 12 akasogeza karatasi. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba dunia ya leo inabadilika kwa kasi. Nilimuuliza, kama kawaida, mtihani wake wa mwisho wa shule ulikuwaje. Alisema hakumbuki, wanaomsahihisha siku hizi ni majopo ya wafadhili, nao wanataka neno "ubunifu" lionekane ukurasa wa kwanza. Nikalitafuta. Lilikuwemo mara saba, na moja ilikuwa katika kichwa.